Mama Divine, ngoja kwanza usilipe

Bukavu, Jumapili usiku

Mpendwa Mama Divine,

Jambo sana, rafiki yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili watoto wakiwa wamelala, maana ulikuwa unakatikakatika. Nimefurahi mno kusikia kwamba mmehamia kwenye nyumba yenu wenyewe. Mwambie Baba Divine nimempa hongera. Lakini lile neno lako la mwisho ndilo limenikalisha mezani usiku huu: kwamba intaneti inaishia sebuleni, vyumba vya nyuma havipati kitu, na wiki hii mnakwenda kulipia forfe (kifurushi cha intaneti) kubwa zaidi. Nakuomba, ngoja. Njia hiyo niliipita mwaka jana, na pesa iliyopotea naikumbuka mpaka leo.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Muhumba. Imeshikilia mlima kama nyumba nyingi za hapa: unaingilia juu, upande wa barabara, ndipo sebule ilipo, kisha unashuka ngazi 14 hadi vyumba vinavyotazama ziwa. Chumba cha Mama ni cha mwisho kabisa, na ukuta wake wa nyuma ni ule wa mawe unaozuia udongo. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni Nsimire wetu na mtoto wake hupiga simu ya video kutoka Liège, Ubelgiji. Modemu ikiwa sebuleni, Mama ilimbidi apande ngazi zile, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti, ili amwone mjukuu. Siku goti likimkataa tulijaribu chumbani kwake. Jioni moja mtoto alikuwa anamwimbia wimbo wa shuleni, picha ikaganda mdomo ukiwa wazi, sauti ikapotea. Mama akaendelea kuita, "Alo? Alo, mwanangu?", ameisogeza simu karibu na uso kama anayechungulia kisimani. Jumapili iliyofuata akasema ana usingizi. Na ile nyingine pia akasema ana usingizi. Nilijua si usingizi.

Nikafanya unachotaka kufanya wewe: nikapandisha forfe. Sebuleni video zikafunguka mbio; kwa Mama, vilevile. Kisha nikanunua ripita, kile kisanduku kidogo cha kuchomeka ukutani, dola 30, nikakichomeka chumbani kwake penyewe. Simu ikaonyesha mistari yote imejaa, na bado hakuna kilichofunguka. Nilimrudia muuzaji nikiwa na hasira, kumbe kosa lilikuwa langu. Ripita haiwezi kurudia isichokisikia. Mahali pake ni katikati ya njia, pale rezo, yaani mtandao, ingali na nguvu. Na hata ukiipatia mahali, zile za bei ndogo zinasikiliza na kusema kwenye wimbi lilelile, kwa zamu, hivyo kasi inapungua karibu nusu.

Aliyetutoa humo ni Espoir, mtoto wa dada yangu mkubwa, anayefunga rezo maofisini. Alipofika hakugusa modemu. Alitoa simu yake yenye programu ya bure ya kupima Wi-Fi, akaanza kutembea polepole chumba kwa chumba, mimi nyuma yake na daftari la hesabu la Ansima. Vipimo hivyo husomwa kwa desibeli, na vyote viko chini ya sifuri; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo rezo ilivyo na nguvu. Kando ya modemu tuliandika −41. Jikoni −63. Ngazi zinapoanza −66, zinapoishia −75. Kitandani kwa Mama, −86. Akanieleza kwamba kila ikishuka 3, nguvu inabaki nusu. Kutoka 41 hadi 86 nikashindwa kuhesabu. Akasema ni kupungua zaidi ya mara elfu 30. Simu ya video isiyokatika inataka −67 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri. Ukipita −80, simu inaonyesha jina la rezo tu na hakuna kinachopita. Tangu siku ile siiamini tena ile mistari ya juu ya skrini.

Halafu akaniuliza kwa nini modemu inakaa sakafuni, nyuma ya televisheni, kwenye kona ya barabarani. Nikamjibu: kwa sababu waya wa antena ya juu ya paa unaingilia pale. Fundi wa kwanza aliishusha pale waya wake ulipoishia, nasi tukaiacha miaka mitatu. Mama Divine, tulikuwa tunawamwagia wapita njia! Mawimbi yanatoka pande zote kwa pamoja, kwa hiyo modemu ya kwenye kona inapeleka sehemu kubwa nje ya nyumba. Chuma kinayarudisha: friji, televisheni, kabati la bati, manjanja ya paa, yaani mabati (ninyi huko mnasema malata). Maji yanayameza, basi usiiweke kando ya pipa. Mbao hazisumbui sana, tofali linapunguza, na ukuta wa mawe au wa sima (saruji) yenye nondo ndio mbaya kuliko yote. Kuna na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: wimbi likiupiga ukuta kwa mshazari, linasafiri ndani yake njia ndefu kuliko likiingia moja kwa moja. Ukuta wetu wa sentimita 40 ulikuwa unageuka kuwa mnene zaidi kwa sababu tu ya mahali modemu ilipokaa.

Tukarefusha ule waya na kuipandisha modemu juu ya kabati la korido, ngazi zinapoanza. Antena zake mbili, moja akaisimamisha na nyingine akailaza, maana antena iliyosimama inatupa mawimbi ubavuni, si juu wala chini, na nyumba yetu ni ya kushuka. Modemu inatoa wimbi la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5. Lile la 5 lina mbio lakini linachoka kwenye ukuta wa pili, la 2.4 ni la polepole na linavuka. Simu ya Mama akaifunga kwenye 2.4. Kisha akaona majirani karibu wote wamejazana chaneli ya 6, yaani kijia kimoja ndani ya wimbi hilo la 2.4, akatuhamishia 11; kwenye wimbi hilo zisizogongana ni 1, 6 na 11. Jioni hiyo, kwa mita chache tu za waya, kitandani kwa Mama tukapata −74. Sauti ya WhatsApp ikapita safi. Picha bado.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kable ya rezo (Ethernet), na hapa unisikilize vizuri. Tulikuwa na modemu ya zamani kabatini, ile niliyodhani imekufa nilipobadilisha. Espoir aliigeuza iwe mdomo wa pili wa ile ya juu. Akaizima kazi ya kugawa anwani (namba ambayo kila simu hupewa ili itambulike kwenye rezo), maana mbili zikigawa kwa pamoja simu zinachanganyikiwa. Akaipa anwani inayoishia na 2 kwa kuwa ile ya juu inaishia na 1. Akaandika jina lilelile la Wi-Fi na neno la siri lilelile, chaneli akaweka 1, halafu akaunganisha kable kwenye matundu yale ya kawaida ya pembeni, si lile la rangi tofauti la kuingizia intaneti. Kable mita 22. Ya namna hii inafika hadi mita 100, hivyo nyumba ya kawaida haiwezi kukushinda. Nunua ya shaba tupu. Sokoni kuna nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba, ukiikwaruza kidogo kwa kisu unaona weupe ndani.

Mimi nilitaka kable ipitie nje, kwenye ukuta wa nyuma, korido isiharibike sura. Alikataa katakata, na alikuwa na haki. Watafiti waliohesabu miale ya radi ya dunia nzima kwa setilaiti walitoa matokeo mwaka 2016: Kabare, hapa jirani yetu, ni ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, na ya kwanza Afrika, zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Radi si lazima ikupige wewe. Ikipiga karibu tu, waya mrefu ulio nje unaokota umeme wake na kuuingiza ndani ya vifaa. Basi kable ikashuka na ngazi, ndani, pembeni mwa sakafu, imefunikwa na kijifereji cha plastiki nilichokipaka rangi ya ukuta mwenyewe. Hata wageni hawaioni.

Umeme ukikatika, modemu zote mbili zinakaa kwenye vibetri vidogo vya volti 12, moja juu, moja chini. Usisahau ya chini; sisi tulisahau.

Sasa nyumba yako. Kwa ulivyonisimulia, ni ndefu, ya matofali ya kuchoma, kuta nene za zamani, haina ngazi. Hiyo ni bahati kuliko yetu. Kabla hujalipa hata franga moja, chukua programu ya kupima, tembea na daftari, uniandikie namba za kila chumba na mahali modemu ilipo. Nina hakika iko dirishani upande wa barabara! Ivute hadi korido la katikati, juu, mahali pa wazi. Upime tena. Chumba kitakachobaki chini ya −70 ndicho ukipelekee kable na modemu yenu ya zamani, msiitupe. Kile chumba cha uani alichopewa shemeji yako kisikusumbue sasa. Kukivukia kwa waya wa shaba hewani sikushauri, kwa mvua zenu na radi zenu. Kuna antena ndogo mbili za kutazamana, Espoir anazifahamu, nitamwuliza bei. Forfe muiongeze mwishoni, ikiwa sebuleni kwenyewe, kando ya modemu, bado mambo ni polepole. Hapo ndipo tatizo linakuwa la forfe kweli.

Leo saa kumi na mbili nilikuwa jikoni nikigeuza ugali. Nikasikia wimbo unatoka chini, sauti mbili, ya mtoto na ya Mama, ya Mama ikichelewa kidogo kwa sababu maneno ya Kifaransa hayajui yote. Nikashuka hadi ngazi ya katikati nikakaa hapo. Alikuwa kitandani, miguu ndani ya blanketi, simu ameiegemeza kwenye Biblia. Hakuniona. Ugali uliungua chini na hakuna aliyelalamika.

Nisalimie Baba Divine na watoto wote. Nangoja namba zako.

Rafiki yako wa siku zote,
Mama Ansima