Msitusingizie unyago

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lako bila kuandika neno, lakini ile taarifa yenu kuhusu wakulima wa korosho wa Kusini imenikwama kooni. Mtaalamu wenu alisema tunabaki maskini kwa sababu fedha za msimu zinaishia kwenye unyago, pikipiki na pombe, na kwamba dawa yetu ni elimu ya matumizi. Mwandishi akanukuu, akaenda zake. Hakumuuliza mkulima hata mmoja Januari anakula nini.

Utafiti wa Serikali wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 31.3 ya watu wa vijijini Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini, mijini asilimia 15.8. Mijini nako watu wanacheza ngoma na kufanya harusi za kuchangishana. Mbona wao hawaambiwi kwamba sherehe ndizo zimewafukarisha?

Mimi nimezaliwa Newala na nina mikorosho. Fedha yetu inakuja mara moja tu kwa mwaka, minada ikifunguliwa Oktoba. Ndani ya fedha hiyo kuna vibarua wa kupalilia na kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, kuna bati, kuna maji, maana huku juu kwenye uwanda wa Makonde ndoo ya maji unainunua. Kuanzia Januari hadi Machi mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya bado mabichi shambani. Wakati huohuo shule zinafunguliwa, na wakati huohuo watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kinyemela kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, wanapita nyumba kwa nyumba.

Mama yangu mkubwa ni mjane. Mjukuu wake alifaulu kwenda kidato cha kwanza. Ada ilifutwa tangu 2016, sawa, lakini alikuja na karatasi ya mahitaji: godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, sare jozi mbili, viatu vyeusi. Bibi hakuwa na hata shilingi ya chumvi. Mtu wa kangomba akampa shilingi laki moja na nusu, akamwekesha dole gumba kwenye daftari: deni kilo 200, zilipwe msimu ukifika. Yaani alinunua korosho kwa shilingi 750 kwa kilo, maua hata hayajatoka! Oktoba yake mnadani mkulima alikuwa anapata zaidi ya 2,000 baada ya makato yote. Na wizi haukuishia hapo. Yule mtu alikuja kuchukua mzigo wake na kopo lake mwenyewe, akasema kopo moja ni kilo moja, akawa analijaza mpaka linafanya kichuguu, zikidondoka anaziokota anazirudisha juu. Nilichukua kopo moja nikalipeleka kwenye mizani ya jirani: kilo moja na robo. Nilipolalamika, mama mkubwa alinivuta kanga akaninong'oneza ninyamaze, maana Januari ijayo atamhitaji tena mtu yuleyule. Huyo ndiye mnayetaka afundishwe matumizi. Mama huyu hajanunua pikipiki, hajaonja pombe, na anajua kila shilingi yake ilikokwenda kuliko huyo mtaalamu wenu!

Kangomba ni kosa kisheria, tunajua. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, maofisa walikuja kuhakiki mashamba ili kuwabaini wa kangomba, na wengi tukavuka mwaka tukisubiri malipo. Walihesabu mikorosho. Sababu ya mtu kuuza korosho yake ikingali mtini hawakuiuliza.

Na wanawake wanaokimbia kangomba wanaangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Hao nao wanakuja na daftari, marejesho kila wiki, ukikosa wanabeba masufuria na kitanda mbele ya watoto. Mkulima wa mara moja kwa mwaka atatoa wapi marejesho ya kila wiki?

Chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima unaokusanya korosho kwa ajili ya mnada, kina kumbukumbu ya kilo alizoleta kila mwanachama msimu baada ya msimu. Basi Januari kifungue ghala, kimkopeshe kila mwanachama magunia mawili ya mahindi na fedha ya sare, akatwe Oktoba kwa bei ya mnada. Tunakatwa ushuru wa halmashauri, wa chama, wa ghala na wa usafirishaji. Hili tutakatwa bila kunung'unika.

Nawe Mhariri, kila Oktoba mnachapa bei za mnada. Kila Februari mtume mwandishi yuleyule aje Newala, aulize kilo moja ya kangomba inanunuliwa kwa bei gani siku hiyo, na muichape ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara