Wanangu mnaosomea habari za siasa za Ulaya, someni hati kwanza

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, lakini leo naandika nimekasirika. Kuna kijana anasomea uandishi wa habari, na anajitambulisha kama mchambuzi wa siasa za Ulaya, juzi kaandika kwamba Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, mpaka huku kwetu Tanga. Watu wakashea, wengine wakatukana wazungu, wengine wakashangilia, na hakuna aliyeuliza ni nani hasa kapiga marufuku na kwa mamlaka gani.

Jamani. Kilichotokea Septemba 2022 ni Bunge la Ulaya kupitisha azimio. Lilizungumzia haki za watu waliohamishwa na mazingira, likaitaka TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa yenye mradi huo, isubiri mwaka mmoja iangalie njia nyingine ya kupitisha bomba. Azimio la namna ile halina nguvu ya sheria, haliwafungi Total wala Kampala wala Dodoma. Tena lile bunge haliwezi hata kupeleka muswada lenyewe, anayepeleka ni Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha Umoja, alafu Bunge na Baraza la mawaziri wa nchi 27 wakubaliane, na mara nyingi wanakubaliana kwenye vikao vya pande tatu milango imefungwa. Sasa wewe unaruka yote hayo unaandika "Ulaya imekataza". Mwaka ule mzee mmoja wa Handeni aliniuliza kama apande mahindi tena pale walipopima njia ya bomba, maana kasikia mradi umekufa. Ningemjibu nini? Mtu anapanga msimu wake wa kilimo kwa sentensi kama hiyo yako, uliyoiandika ukiwa kwenye daladala! Kosa la hivyo usilifute kimyakimya, andika palepale umekosea wapi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Sheria yenye meno kweli ilipita na hamkupiga kelele. Kamisheni ilipendekeza Novemba 2021 kanuni ya bidhaa zinazotokana na ukataji misitu, Bunge na mawaziri wakaafikiana Desemba 2022, mwaka 2023 ikawa sheria. Inataka kahawa inayoingia kule shamba lake lijulikane kwa alama za GPS, na isiwe imelimwa palipokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, ndo maana inabidi mtu aifuatilie. Mkulima wa Kagera na wa Kilimanjaro ataambiwa na nani, kama si nyie? Karatasi isiyomfunga mtu mmeigombania, inayofunga mmeiacha.

Kabla hujaandika jiulize, hii karatasi ni ya nani, iko hatua gani, inamfunga nani. Basi.

Mengine nayataja tu. Baraza la Ulaya la Strasbourg lina nchi 46 na si chombo cha Umoja wa Ulaya, na Mahakama ya Haki za Binadamu iko huko, ile ya Umoja iko Luxembourg. Mawaziri wa Umoja wakipiga kura, mambo mengi yanapita kwa angalau nchi 15 zenye angalau asilimia 65 ya watu wa Umoja. Jifunzeni Kifaransa. Msiishie kwenye mkutano wa waandishi wa kila mchana pale Kamisheni, nendeni kwenye kamati za Bunge.

Najua mnavyosoma kwa shida, wengine wazazi wameuza kiwanja ili mfike hapo, na mimi najivunia nyie sana. Najua pia lawama si zenu peke yenu. Vyumba vyetu vya habari vinanunua habari kwa mashirika ya nje, vinatafsiri haraka, vinapachika kichwa cha moto, alafu mhariri anamsifu aliyepata watazamaji wengi, aliyekaa siku nzima anasoma kanuni anaambiwa mzembe. Vyuo navyo vinafundisha kuandika kichwa cha habari kabla ya kufundisha kusoma sheria, na hili wakuu wa vyuo ndio wanaopaswa kulijibu.

Lakini hati zenyewe ni za bure. Sheria zote zipo EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, vikao vya Bunge vinaonyeshwa mubashara, huhitaji viza wala posho. Ukikwama kwenye kifungu, mwandikie baruapepe mbunge aliyepewa kuandaa ripoti ile, jina lake liko ukurasa wa mbele. Taja kifungu kwa namba, uliza swali moja, na kama hajajibu baada ya wiki muandikie tena.

Mzee wenu, Tanga