Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: mtu mwembamba naye apimwe mafuta, hata kama amekula

Shikamoo Dokta.

Nakuandikia kuhusu kipimo cha mafuta kwenye damu, maana huku Mwanjelwa watu wanaamini ni ugonjwa wa wenye vitambi na wenye hela, na hata baadhi ya wahudumu wanaamini hivohivo. Mdogo wangu ni mwembamba, analima parachichi Rungwe, kutwa yuko milimani. Alipanda gari toka Tukuyu kuja kupima kituo kimoja hapa mjini, akaulizwa umekula, akasema nimekunywa chai na chapati, akaambiwa rudi kesho ukiwa hujala kitu. Hakurudi, nauli nyingine angeitoa wapi. Alikuja kupimwa baadae sana sehemu nyingine, na dada wa maabara akatuonyesha kichupa, damu imeshazungushwa kwenye mashine, nyekundu imekaa chini, na juu pale panapotakiwa kuwa na maji ya njano palikuwa peupe kama maziwa, ndio mafuta hayo. Kaka yetu mkubwa ana tumbo, wanakula kitimoto sahani moja, na majibu yake safi kabisa.

Haya unayajua kuliko mimi Dokta, ila nayaandika ili na wengine wanaosoma waelewe. Ukila chakula cha mafuta, utumbo unayapakia yale mafuta kwenye vichembe vinaitwa kailomikroni vinaingia kwenye damu, alafu kuna kimeng'enya kwenye kuta za mishipa midogo kinayavunja ili misuli iyatumie na yanayobaki yakahifadhiwe. Trigliseraidi, yaani hayo mafuta yenyewe yanavyopimwa kwenye damu, zinapanda taratibu, zinafika juu kabisa kama masaa matatu mpaka matano baada ya kula, na kushuka ni masaa mengine tena. Na sisi hatusubiri zishuke, asubuhi chapati, saa nne supu, mchana wali, usiku chipsi, yaani karibu siku nzima damu ni ya mtu aliyekula, ile ya kufunga tunayoipima ni ya alfajiri tu.

Sasa nguvu ya hicho kimeng'enya watu tumezaliwa nayo tofauti. Jeni (kinasaba) ya LPL ndio inakitengeneza, APOA5 inakisaidia, APOC3 inakizuia. Kule Marekani kwa jamii ya Waamish wa Lancaster, Pennsylvania, watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba karibu watu 5 katika 100 wana nakala moja ya APOC3 iliyoharibika, wakanyweshwa kinywaji chenye mafuta mengi na bado trigliseraidi zao zilikuwa chini kuliko za wenzao, na mishipa ya moyo wao ilikuwa na chokaa kidogo zaidi. Wapo na waliorithi kinyume chake, hao mafuta hayatoki haraka, na yakizidi sana kongosho linaweza kuvimba, hapo ni dharura sio suala la kupunguza chipsi.

Sisemi vinasaba ndio kila kitu. Utafiti wa Uingereza na Marekani wa watu zaidi ya 1,000 uliotoka 2020 ulionyesha hata mapacha wa kufanana wanatofautiana baada ya kula chakula kilekile. Kwahiyo mashine za kupima DNA sikuombi. Ninachoomba ni kwenye fomu ya kipimo kiongezwe kamstari ka "amekula saa ngapi" na kengine ka "nani kwenye ukoo alipata ugonjwa wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana", na mtu aliyetoka Chunya au Mbarali asirudishwe kwasababu ya chapati. Wataalamu wa Ulaya walishakubaliana 2016 kwamba kwa kawaida kufunga sio lazima, aliyekula trigliseraidi zake zikifika 2 mmol/L (kizio cha maabara) kwenda juu zihesabiwe ziko juu, na zikizidi 5 ndio aitwe kurudia akiwa amefunga. Hilo ni jambo la waraka tu Dokta, halihitaji bajeti kubwa.

Alafu tafiti nyingi za hizi jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo hapahapa Mbeya, naomba ofisi yako ikae nao wapime watu wetu wakiwa wamekula ndizi, ugali na kitimoto chetu, na majibu yarudi mkononi kwa waliotoa damu.

Mkazi wa Mwanjelwa