YAH: Malalamiko kuhusu seti yenu ya kujenga tangi la matumbawe kwa plaiwudi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nakala: Idara ya Ufundi.

Ndugu Meneja,

Tunaandika kuhusu seti yenu ya tangi la plaiwudi la sentimita 240 kwa 90 kwa 75, ile yenye maandishi "kila kitu kimo, tayari kwa matumbawe" juu ya boksi. Tumefungua seti, tumepima vilivyomo na kusoma kijitabu chake chote, na hatutaijenga. Tunaomba barua hii ifike kwa aliyechagua vifaa, isiishie mezani kwa watu wa mauzo.

Tangi la vipimo hivyo likijazwa hadi kina cha sentimita 70 hubeba takriban lita 1,500 za maji ya chumvi, yaani kilo 1,550 hivi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Upande wa mbele pekee husukumwa na maji kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 600. Kwa mzigo huo, kifaa cha kubahatisha hakina nafasi.

Tuanze na faiba, yaani nyuzi za kioo zinazoimarisha koti la ndani, kwa kuwa hapo ndipo seti inapojipinga yenyewe. Mmeweka epoksi (rezini ya maji inayoganda ikichanganywa na hadena, yaani kigumishi chake) kilo 3 pamoja na mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, gramu 450 kwa mita ya mraba. Nyuzi za mkeka wa namna hiyo hushikanishwa na gundi iliyotengenezwa ili iyeyuke ndani ya stirini, na stirini ni kiyeyusho kilichomo kwenye rezini ya poliesta. Kwenye epoksi haimo. Kwa hiyo mkeka haulainiki: unabaki mkavu na mgumu, unakataa kulala kwenye pembe, na kila unapoinuka unaacha hewa chini yake. Hewa hiyo ikishafunikwa haionekani tena, lakini ndipo maji yatakapojikusanya siku koti la juu litakapopata ufa.

Halafu kuna hesabu ambayo inaelekea hakuna aliyeifanya. Ndani ya tangi hilo, ukijumlisha sakafu, kuta, fremu ya mbele na pande mbili za mkanda wa juu (mbao zinazozunguka mdomo wa tangi kuzuia kuta zisitanuke), kuna karibu mita za mraba 7 za kupakwa. Mkeka wa gramu 450 hunywa rezini mara mbili ya uzito wake au zaidi, yaani karibu kilo moja kwa kila mita ya mraba. Kilo 7 zingeishia kwenye mkeka peke yake, nanyi mmetoa 3. Kitambaa cha kufumwa cha gramu 200 ndicho kilichostahili kuwamo, kwa sababu hunywa takriban uzito wake tu na hujipinda vizuri. Hata hicho kinataka koti la kwanza la kunywesha mbao, gramu 150 kwa mita ya mraba; kisha kitambaa chenyewe na rezini yake; kisha makoti matatu ya gramu 150 juu yake ili mfumo wa nyuzi usionekane wala kupapasika. Inakuja kilo 6 hivi. Ongeza kilo moja ya kuchanganya na unga wa silika kwa ajili ya kujaza pembe, pamoja na ile inayobaki kwenye rola na vikombe.

Pembe zenyewe kijitabu hakizitaji kabisa. Kitambaa cha faiba hakikubali kona kali ya nyuzi 90. Kabla ya kukilaza, kila kona ya ndani hujazwa puti ya epoksi na silika, ikavutwa kwa kijiko au kipande cha plastiki chenye mviringo wa milimita 10 hadi 15, na kitambaa kikafuata puti ikiwa bado inanata kidogo. Mchoro wenu wa ukurasa wa 9 unaonyesha mkeka ukiingia kwenye kona kavu. Matangi mengi ya plaiwudi huvujia hapo hapo.

Kuhusu kuchanganya: kopo limeandikwa "2:1", na kijitabu kinamwambia mjenzi atumie mizani. Uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito? Rezini ya epoksi kwa kawaida ni nzito kuliko hadena, hivyo anayepima kwa mizani uwiano uliokusudiwa kwa ujazo huzidisha hadena kwa kama asilimia 15. Hadena iliyozidi haina cha kuungana nacho. Inabaki ndani ya koti likinata, kisha inatoka polepole kuingia majini. Mwenye samaki wagumu anaweza asione kitu, ila mwenye matumbawe ataona polipu (vijinyama vya matumbawe) zimejifunga na kichujio cha povu kinafurika usiku kucha, na atahangaika na chumvi na taa wakati tatizo liko ukutani. Neno moja kwenye lebo lingetosha.

Hakuna pia onyo kuhusu ule utando kama nta unaojitokeza juu ya baadhi ya epoksi zinapokauka penye unyevu au baridi. Huoshwa kwanza kwa maji safi na sponji ngumu, ndipo msasa upite. Kijitabu kinaagiza msasa moja kwa moja, na msasa huusambaza utando badala ya kuuondoa, kisha koti linalofuata linabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Sasa plaiwudi. Mmeiita "ya baharini", lakini haina muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, wala wa kiwango kingine chochote, na kwenye kingo zilizokatwa matobo ya tabaka za ndani yanaonekana kwa macho. Tulichukua kipande cha mabaki tukakipitisha kwenye mzunguko unaotumika kupima gundi ya daraja la 3 katika EN 314, kiwango cha Ulaya cha gundi ya plaiwudi: kuchemsha saa 4, kukausha saa 16 hadi 20 kwa nyuzi joto 60, kuchemsha tena saa 4. Hatukuhitaji mashine ya kupima nguvu ya gundi, kwa maana tabaka mbili za juu ziliachana wakati wa kuchemsha mara ya kwanza na kona ikafunguka kiasi cha kupitisha kidole. Hiyo ni gundi ya kabati la ndani. Mtasema epoksi itaikinga na maji. Itaikinga mpaka konokono mmoja au jiwe moja lililoteleza litakapoikwaruza.

Na maji yana njia nyingine mliyoyafungulia wenyewe: matundu ya mabomba. Yamekuja yametobolewa kwa kipimo kamili cha viungio, kingo zikiwa mbao tupu. Namna inayojulikana na mafundi wa mashua ni kutoboa tundu kubwa kuliko kipimo, kulijaza lote epoksi iliyokolezwa silika, kuiacha iive, ndipo kutoboa tena katikati kwa kipimo halisi, ili bomba lizungukwe na pete ya epoksi na mbao isiguswe na maji kamwe. Kwa matundu yenu hilo haliwezekani bila kuyapanua, na kuyapanua kunayasogeza karibu mno na kona.

Nati za viungio hivyo ni za brasi. Brasi ni shaba na zinki. Shaba kidogo sana majini huua kamba, konokono na matumbawe, na ndiyo maana dawa za samaki zenye shaba hazitiwi kwenye tangi la namna hii. Tunashangaa kulieleza jambo hili kwa kampuni inayouza "tayari kwa matumbawe".

Silikoni ni ya bafuni, ile iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Kinachozuia ukungu ni sumu ya kuvu iliyochanganywa humo, na haifai kwa viumbe wa majini. Irudishwe yote.

Kioo ni suala la usalama wa watu, si la samaki tu. Mmetoa kioo cha kawaida kisichotiwa joto, unene wa milimita 12. Kwa kina cha sentimita 70 na urefu unaozidi kina zaidi ya mara tatu, hesabu inayotumiwa na wajenzi wa matangi, yenye kiwango cha usalama cha 3.8 (yaani kioo kihimili mara 3.8 ya mzigo wake), inatoa karibu milimita 16, na fundi makini huchukua 19. Kwa milimita 12 kiwango hicho kinashuka hadi 2.2 hivi. Mkijitetea kwamba fremu ya plaiwudi inapunguza eneo lisiloegemea, tumelihesabu pia: kwa uwazi wenu wa sentimita 220 kwa 62 bado kinabaki karibu 3 tu, chini ya 3.8, na hapo tumechukulia kwamba fremu haipindi. Inapinda. Mkanda wa juu mliotoa ni vipande vinne vilivyounganishwa kwenye kona kwa skrubu, badala ya ubao mmoja uliokatwa katikati ukaacha ukingo usio na kiungo. Fremu ikitoka nje hata milimita chache, kioo kinapinda nayo na silikoni inavutwa.

Hapo linaingia agizo la kijitabu ambalo kwa maoni yetu ni la hatari kuliko yote: "Jaza maji ya chumvi baada ya saa 24." Silikoni huiva kwa unyevu wa hewa, kutoka ukingoni kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku ya kwanza na polepole zaidi baadaye. Kioo chenu kinalalia fremu kwa sentimita 3, na pande zote mbili za silikoni, kioo na epoksi, hazipitishi hewa. Baada ya saa 24 katikati bado ni uji. Wiki moja ni kidogo, zingojwe mbili au zaidi. Jaribio la kwanza nalo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, robo kwa robo, likisimama saa kadhaa kila hatua huku rula iliyonyooka ikiwekwa mbele ya fremu kupima inavyopinda. Na lifanyike kabla nje hapajapakwa rangi. Ile rangi nyeusi nzito mliyoweka kwenye seti itaficha doa la unyevu, ambalo ndilo onyo pekee mjenzi atakalolipata mapema.

Tunadai yafuatayo. Mauzo ya seti hii yasimame, na walionunua wapewe taarifa kwamba wasijaze tangi, au walipunguze maji kama tayari limejaa. Kioo, plaiwudi, silikoni, nati na faiba vibadilishwe bila malipo, na epoksi iongezwe hadi kilo 8. Mtume karatasi ya kitaalamu ya epoksi hiyo inayotaja uwiano kwa ujazo na kwa uzito, muda wa kupaka koti juu ya koti bila msasa, na siku za kuiva kabisa kabla ya kuguswa na maji ya chumvi. Kama hamwezi kubadilisha vyote, rudisheni fedha yote pamoja na gharama ya usafirishaji, hatutapokea vocha.

Picha za kingo za plaiwudi, lebo za makopo na kipande kilichochemshwa zimeambatanishwa. Seti yenyewe tumeifunga tena na kuihifadhi, na mtaalamu wenu anaweza kuja kuikagua ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Tafadhali jibuni kwa maandishi, mkitaja namba ya toleo iliyo ubavuni mwa kopo la hadena.

Wenu,
Wanunuzi wa seti
(mafundi na wafugaji wa matumbawe)