Mlituuzia lami, mkatuegesha kwenye tope

Moshi,
6 Mei

Mkurugenzi,
Kampuni ya Uandaaji wa Maonyesho ya Magari ya Kale,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UWANJA NA MAEGESHO, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa washiriki waliolipa shilingi 80,000 ili kuleta gari kwenye maonyesho yenu ya Jumamosi ya mwisho wa Aprili. Gari langu ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, rangi ya krimu, gia za kwenye usukani, bado inatembea kwa injini yake ya asili. Naandika barua kwa sababu ujumbe niliotuma WhatsApp kwenye namba yenu ya huduma kwa wateja ulisomwa siku ileile, tiki mbili za bluu, kisha kimya.

Nianze na uwanja. Fomu tuliyojaza mwezi wa pili ilisema maonyesho yatafanyika kwenye eneo lenye lami, na kwamba kila gari la maonyesho litapewa nafasi ya mita 3 kwa 6 iliyochorwa chokaa. Siku chache kabla ya maonyesho ukaja ujumbe mfupi kwamba "eneo limeboreshwa". Kuboreshwa kwenyewe kukawa ni kuhamishiwa kwenye shamba la majani nje ya mji, udongo mweusi wa mbuga, katikati ya masika. Mwenyeji yeyote wa Arusha anaujua udongo ule. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa unajaza meno ya tairi mpaka tairi jipya linageuka kipara. Sijui nani alikwenda kulikagua shamba hilo, ila nina hakika hakwenda siku ya mvua.

Lango lilikuwa moja. Magari ya maonyesho, magari ya wageni, pikipiki, mama lishe na mikokoteni yao ya mkaa, watembea kwa miguu, wote mlango mmoja. Ninyi wenyewe mlitangaza magari 150 ya maonyesho. Tuseme wageni walikuja na magari 300 tu, jumla 450. Kijana wenu mmoja ndiye aliyekuwa anakagua tiketi, anapokea hela taslimu, anatafuta chenji na kuandika namba ya gari kwenye daftari. Kwa mwendo ule kila gari lilichukua dakika nzima, na hapo ni pale mtu alipokuwa na noti ndogo. Magari 60 kwa saa. Magari 450 yanahitaji saa saba na nusu, na maonyesho yalitangazwa kuanza saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hesabu hii haihitaji mtaalamu, angeweza kuifanya mtu yeyote ofisini kwenu nyuma ya bahasha.

Sasa niwaeleze foleni inalifanyia nini gari la kale, maana nina wasiwasi kuwa waandaaji wa maonyesho haya hawajawahi kuendesha moja. Gari la kisasa likikwama, dereva anawasha kiyoyozi na kuperuzi simu. Gari langu likisimama huku injini inaunguruma, linaanza kujipika. Feni inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizunguka polepole gari limesimama feni nayo inazubaa, na upepo wa kupoza rejeta haupo kwa sababu gari haliendi popote. Asubuhi ile palikuwa na jua kali la kabla ya mvua, na foleni yenu mliipanga kwenye mwinuko. Kila baada ya dakika chache unapandisha hatua tatu kwa gia ya kwanza, klachi inalia, unavuta breki ya mkono, unasubiri. Mshale wa joto ukapanda. Petroli ikaanza kuchemka ndani ya bomba linalokwenda kwenye kabureta, injini ikakohoa, ikazima.

Dawa yake tunaijua sisi wenye magari haya: unafungua boneti, unazungushia pampu ya mafuta kitambaa kilicholoweshwa maji, unatulia. Sikupewa nafasi ya kutulia. Nyuma honi, mbele kijana wenu wa kizibao cha njano ananipungia mkono: "Mzee, toa gari, unaziba njia!" Nilipomwambia, kijana wangu, subiri robo saa tu ipoe, akaita wenzake watatu wasukume. Hawakuuliza washike wapi. Mmoja akaweka uzito wake wote kwenye pembe ya nyuma kushoto, juu ya taa, pale ambapo bati la 404 linapanda na kuchongoka kama pezi la samaki. Likabonyea. Picha nimeambatanisha, pamoja na ankara ya fundi bodi ya shilingi 260,000. Kwa atakayeona ni ghali: bati la umbo lile halipo dukani, linanyooshwa kwa nyundo na mkono, na rangi lazima ichanganywe mpaka ifanane.

Nilipofika ndani nilikuwa nimeshalipa tena. Fomu ilisema maegesho kwa washiriki ni bure. Langoni nikadaiwa shilingi 5,000 kama mgeni, na nilipoonyesha stika ya ushiriki nikajibiwa kwamba stika ni ya kuingilia, maegesho ni kitu kingine. Nikauliza sasa gari la maonyesho likishaingia linakwenda wapi kama haliegeshwi. Hakuna aliyejibu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikupewa, wala sikuona mtu yeyote akipewa.

Nafasi yangu ilikuwa namba 112. Nikakuta pamepaki Noah ya mgeni, familia imefungua mlango wa nyuma, wamekaa wanakula mishikaki. Siwalaumu hata kidogo. Walielekezwa pale na watu wenu baada ya kulipa, na baba wa familia akaniamkia vizuri, akasema yuko tayari kutoa gari kama nitamwonyesha pa kulipeleka. Hapakuwa na pa kulipeleka. Pembeni yake palikuwa na Prado mbili, na kati ya Prado hizo Volkswagen kobe moja ndogo ya bluu iliyobanwa mpaka mwenyewe alikuwa akiingia na kutoka kwa dirisha. Watu waliolipa kiingilio kuona magari ya kale walikuwa wanapita katikati ya Prado kuyatafuta.

Mimi nikapelekwa chini kabisa mwa shamba, kwenye maegesho ya wageni, kati ya pikapu ya soda na gari la askari wa ulinzi. Majaji wenu hawakufika huko. Nilipokwenda meza ya usajili kuuliza, dada wa pale akaniambia kwa upole kwamba majaji wanapita kwenye nafasi zenye namba tu. Nilikuwa na namba. Kilichokosekana ni nafasi.

Mvua ikaanza kama saa sita. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu mengine yote ni hela na usumbufu, ila hili lilikuwa karibu kuwa msiba. Gari langu lina breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu zikiingia maji hazishiki vizuri, mpaka dereva akanyage breki kidogokidogo akitembea ili zikauke kwa joto. Barabarani ni jambo la kawaida, unajua na unajihami. Mlichofanya ni kuamuru magari yote ya chini yatoke haraka kabla hayajakwama, kwa njia ileile ambayo mamia ya watu walikuwa wanakimbilia mahema kujikinga mvua. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na uzio, wala mtu wa kusimamisha watu ili magari yapite. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliteleza mbele ya bampa langu. Nilikuwa mwendo wa kutambaa na tayari nimeshavuta breki ya mkono, gari likateleza upande na kusimama. Mama akainuka, akajipangusa, akanipa pole mimi. Magari 150 ambayo mengi yake yana breki za namna hii, au yana usukani mzito wa kuvutwa kwa mabega, kuyapitisha kwenye tope katikati ya watoto, ni uamuzi ambao lazima awepo mtu ofisini kwenu wa kuujibu.

Waliotuokoa si ninyi. Mzee mmoja kutoka Karatu alikuja na Land Rover Series II, gari la maonyesho kama letu, limepigwa rangi upya na kung'arishwa. Alishinda mchana kutwa akivuta wenzake kwa kamba yake mwenyewe mpaka gari lake likawa halijulikani rangi. Trekta hamkukodi, winchi hamkuwa nayo. Na msemaji wenu kwenye kipaza sauti, bila aibu, akawatangazia wageni waje upande wa chini "waone gari la kale likifanya kazi". Mlimgeuza burudani mtu aliyekuwa anaziba pengo lenu. Mafuta yake hamkumlipa, na niliposikia mara ya mwisho hata asante hakupewa. Suala lake analijua mwenyewe, sidai kwa niaba yake, ila nimeliandika ili mjue tuliliona.

Nimeshasikia jibu mnalotoa pembeni, kwamba magari haya yalizoea tope, si ndiyo yaliyokuwa yakishinda Safari Rally? Ni kweli. 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa hapahapa Tanzania, na mwaka 1968, mwaka wa mvua kubwa ambapo magari 7 tu ndiyo yalimaliza, la kwanza likawa 404. Madereva wale walikuwa na magari mapya, mafundi njiani na spea za kiwandani. Mimi nina gari lililopita miaka 50, na kioo cha taa kikivunjika nasubiri kitoke Ulaya. Halafu wao walijiandikisha kwenda kwenye tope. Mimi nilijiandikisha kwenye lami.

Tangazo lenu lilisema "kiwango cha Marekani". Basi tuzungumzie Marekani. Maonyesho ya vuli ya Hershey, Pennsylvania, yanafanyika tangu mwaka 1955 na ni kati ya makubwa kuliko yote ya magari ya kale duniani. Kwa miaka mingi yalikuwa kwenye viwanja vya majani, na tope lake lilikuwa maarufu kuliko magari yenyewe. Baadaye eneo kubwa likawekwa lami. Wenzetu wale walikuwa na shida hiihii ya kwenu, wakaimaliza kwa kutafuta ardhi ngumu. Ninyi mlikuwa nayo tayari, mkaiacha.

Nilipaza sauti siku ile mbele ya ofisa wenu, akanionyesha maandishi madogo nyuma ya tiketi: waandaaji hawatahusika na upotevu wala uharibifu wowote. Maandishi hayo yanaweza kuwasaidia mti ukiangukia gari langu. Mtu wenu aliyevaa kizibao chenu akibonyeza bati la gari langu kwa maelekezo yenu, hilo ni jambo jingine. Na kuuza lami mkaleta mbuga kunaangukia kwenye Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji.

Ninachodai ni hiki: ada ya ushiriki shilingi 80,000, maegesho shilingi 5,000, na matengenezo ya bati shilingi 260,000. Jumla shilingi 345,000. Sidai fidia ya usumbufu wala ya siku nilizopoteza kuosha udongo chini ya gari, ingawa fundi wangu bado anautoa kwenye maungio ya chesisi.

Kuhusu mwakani, maana nasikia mmeshaanza kutafuta wadhamini, haya ni maoni ya mtu aliyekaa kwenye foleni yenu. Hamisheni tarehe iwe kati ya Julai na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Magari ya maonyesho yaingie alfajiri, lango lao peke yao, kabla mgeni hajafika. Wageni wapaki mahali pengine kabisa, waletwe kwa Kosta. Arusha haina uhaba wa Kosta siku ya Jumamosi. Maegesho yalipiwe kabla kwa simu ili langoni pabaki kazi ya kutazama stika tu. Foleni ikibidi, iwe tambarare. Mwageni moramu kwenye njia za ndani hata kama mmepata lami kwa magari. Kodini trekta moja na dereva wake, akae tu chini ya mti. Asipofanya kazi yoyote siku nzima hiyo ndiyo itakuwa hela yenu iliyotumika vizuri kuliko zote. Na muwafundishe wale vijana jambo moja: gari la kale halisukumwi mpaka mwenyewe aonyeshe pa kushika. Wengi wao wangefurahi kufundishwa. Aliyebonyeza gari langu alibaki amesimama kwenye mvua akiomba radhi, wakati wasimamizi wake wamejaa hemani.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21 kuanzia mtakapopokea barua hii. Nisipolipata nitapeleka nakala ya barua na vielelezo vyake Tume ya Ushindani, na wenzangu kadhaa wa siku ile wameniambia wataongeza za kwao.

Wenu,

Mshiriki, gari la maonyesho namba 112
(Peugeot 404, krimu)

Viambatanisho:
Nakala ya fomu ya ushiriki. Muamala wa malipo ya ada. Ujumbe mfupi wa kuhamishwa uwanja. Picha za pembe ya nyuma kushoto kabla na baada. Picha ya nafasi namba 112 ikiwa na Noah (namba ya gari imefunikwa, mwenyewe hana kosa). Ankara ya fundi bodi.