Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya safari za Hija

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Baba yangu ni mkulima wa karafuu, Wete. Februari 2020 alimkabidhi wakala fungu la kwanza la fedha za Hija, akaandikiwa stakabadhi kwa mkono. Tarehe 27 mwezi huohuo, kwa ajili ya korona, Saudi Arabia ikafunga Umra, ile hija ndogo, kwa wageni. Tarehe 31 Machi waziri wao wa Hija akawataka Waislamu duniani wangoje kwanza, wasifunge mikataba. Wakala wetu alipokea fungu la pili Aprili. Stakabadhi ninayo.

Mwaka ule walihiji watu kama 1,000 tu, wote waliokuwa ndani ya Saudia, hata vijiwe vya kurushia Jamarati, zile nguzo za kumpiga shetani mawe, wakigaiwa vimeshatiwa dawa. Mwaka 2021 wakaruhusiwa 60,000, tena wa humohumo. Kwa hilo sina neno. Kutoingia penye tauni ni mafundisho ya Mtume mwenyewe. Lakini milango ya Makka ilifungwa kwa maradhi, ya ofisi ya wakala ilifungwa kwa lipi? Tulipobahatika kumkuta, mara fedha zimeshalipia hoteli, mara "mwakani mzee ndiye wa mwanzo".

Mwakani yenyewe ikawa 2022. Wakaruhusiwa watu milioni moja, sharti chanjo, na umri chini ya miaka 65. Baba alikuwa na 69. Fedha zilirudi mwisho wa mwaka ule, vipande vipande, shilingi zilezile. Mwaka 2023 sharti la umri likaondolewa, ila bei ilishapanda (kodi ya ongezeko la thamani Saudia peke yake ilitoka asilimia 5 hadi 15 tangu Julai 2020), na magoti ya baba hayapandi tena hata ngazi za msikiti.

Ninaloomba ni moja. Fedha ya hujaji isipite mfukoni mwa wakala. Iwekwe benki, akaunti ya amana, itolewe kidogo kidogo kila viza, tiketi na nyumba ya Makka vinapothibitishwa. Hija ikifungwa irudi yote, kwa siku zilizotajwa kwenye mkataba, na mkataba uwe wa Kiswahili anachokisoma mzee. Wakala asiyekubali asipewe leseni.

Siku hizi baba anauliza habari za Hija ya badali, ya kuhijiwa na mtu mwingine. Nimemwambia mimi siwezi kumhijia, mwenyewe sijahiji. Ihramu yake, shuka zake za Hija, imo sandukuni. Mama huitoa kila masika yakisha, akaianika, akairudisha.

Wabillahi tawfiq,
Mwanawe, Wete, Pemba