Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Mwaka huu klabu yetu imejifunza jinsi bakteria wanavyowasiliana ili wasiliwe na amiba, kiumbe mdogo wa seli moja.

Mheshimiwa, kwenye udongo na maji amiba ni mwindaji asiyechoka. Humzingira bakteria kwa miguu yake bandia, akammeza na kummeng'enya. Bakteria akiwa peke yake hana ubavu wa kupambana naye. Hata akitoa sumu, huchujuka majini kabla haijamdhuru adui, na kuitengeneza hula nguvu ambayo angeitumia kuzaliana.

Ndiyo maana bakteria wa aina nyingi hutoa kemikali ndogo za ishara. Wakiwa wachache, kemikali hizo hutawanyika na kupotea. Wakiongezeka, nazo hukolea mpaka zifikie kiwango fulani, na hapo jeni za ulinzi huwashwa kwa pamoja, kama mkutano usioanza hadi akidi itimie. Mwaka 1970 wanasayansi walieleza jambo hili kwa bakteria wa baharini, Vibrio fischeri, ambao hutoa mwanga pale tu wanapokuwa wengi. Sisi lilitusisimua sana, kwa kuwa tulidhani bakteria kila mmoja huishi kivyake.

Silaha zao ni nyingi. Bakteria aitwaye Chromobacterium violaceum hutengeneza violaseini, rangi ya zambarau inayowaua protozoa, yaani viumbe wa seli moja kama amiba, wanaowameza. Mwingine, Pseudomonas aeruginosa, hutoa kemikali ziitwazo ramnolipidi, zinazoharibu utando wa seli ya adui.

Kwa Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, tunaomba tukae kidogo. Hawa hushikamana ndani ya ute juu ya vitu vilivyomo majini, wakawa vigumu kuliwa. Humo humo, ishara zao huchochea utoaji wa kemikali zinazowadhuru protozoa. Wanaonusurika hapo ndio wanaoweza kumfikia binadamu. Kwa maoni yetu, sehemu hii ya maisha yao haipewi uzito unaostahili: tunawajua kwa ugonjwa wanaouleta, hatuwajui kwa maadui wanaowakimbia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tusaidie kupata hadubini za kutosha, ili kila mwanachama amwone amiba akiwinda katika tone la maji ya bwawa, badala ya kumchora kutoka kitabuni.

Tunaomba kuwasilisha.